Seti za meli za modeli: juu ya boksi "kwa anayeanza", ndani mkuku umepinda!

Wakuu, hili tuliseme waziwazi.

Ndani ya boksi kuna plaiwudi, furushi la vibao, vibunda vya uzi na kijitabu. Kazi ya kuvisha mbao ubavuni, ambayo ndiyo inayowashinda wengi, kijitabu kimeimaliza kwa mstari mmoja: "Funika meli kwa vibao." Basi! Hapo ndipo meli inarudishwa kabatini na mtu anailaumu mikono yake.

Mkuku kwanza, yaani uti wa mgongo wa meli. Plaiwudi ya mm 5 imekula unyevu ghalani, inafika imepinda. Ilaze juu ya kioo, bonyeza kila ncha. Ikicheza hata mm 1, usigundishe taruma (ubavu wa meli unaobeba vibao) hata moja, kwa sababu ukishaivisha mbao ndiyo imetoka: omo (mbele) huku, tezi (nyuma) kule, na mlingoti hausimami wima milele. Lowanisha upande uliobonyea, ubane katikati ya mbao mbili zilizonyooka, acha siku 2 au 3 ikauke. Yaani kitu kipya kabisa, mnunuzi anaanza na matibabu!

Mataruma yamekatwa kwa leza, kingo zimebaki na mkaa. Gundi nyeupe haishiki vizuri kwenye mkaa, pitisha msasa. Na mataruma ya omo na tezi lazima yachongwe mshazari ili kibao kilalie ukingo wote, sio kuning'inia kwenye kona. Pitisha kibao juu ya mataruma manne. Ukiona mwanga chini yake, bado. Kijitabu kuhusu hilo? Kimya.

Sasa hesabu ambayo wangeweza kuichapa kwa mistari minne. Zungusha ukanda wa karatasi kwenye taruma la katikati, toka sitaha hadi mkuku. Tuseme ni mm 90. Kibao kina upana wa mm 5, kwa hiyo vinaingia 18. Pima taruma la kwanza la omo: mm 54. Gawa kwa 18, unapata mm 3. Maana yake kila kibao kipunguzwe taratibu kutoka 5 hadi 3 kikielekea omo. Asiyeambiwa anabandika vibao vizima, vikifika mbele vinapandana kama vigae. Halafu anashauriwa "loweka maji ya moto". Kuloweka kunasaidia kukunja kibao kwa bapa lake. Ukikilazimisha kipinde kwa ukingo wake mwembamba, ukingo mmoja utanyanyuka tu. Na usikichonge chini ya nusu ya upana wake. Kule tezi mambo hugeuka, nafasi inapanuka, inabidi uchomeke vipande vilivyochongoka.

Vibao vyenyewe vimehesabiwa kama dawa za hospitali. Vikivunjika vitatu, umekwama. Tabaka la pili, la juu, la mbao ya mti wa jozi (walnut), lina mm 0.6, ukisugua kwa hasira kusawazisha makosa ya chini, unatoboa hadi tabaka la kwanza.

Kamba ndiyo aibu kubwa. Kwenye meli halisi, vidato vya ngazi za kamba viliachana sm 33 hadi 38. Kwa kipimo cha 1:72 (modeli ni ndogo mara 72) hiyo ni mm 5 hivi. Ramani za baadhi ya seti zinachora mm 10, yaani sm 72. Baharia apande au aruke? Uzi wenyewe una manyoya. Bila kuupitisha kwenye nta unaonekana kama kiwavi.

Wale watakaokuja na "ni ujuzi tu, jifunze": ujuzi haunyooshi plaiwudi iliyopindia ghalani. Watengenezaji wachape jedwali la upana wa kibao kwa kila taruma, waongeze vibao 5 vya akiba, waweke mkuku ulionyooka. Wakishindwa, wafute "kwa anayeanza" kwenye boksi.