Binti anaingia bendi ya shule: klarineti, tarumbeta au tromboni? Na mzazi ajiandae na nini?

mama_wa_wawili

Wakuu, salaam. Binti yangu ana miaka 11, anaanza shule ya kati muhula ujao, na ameomba mwenyewe kuingia bendi. Jana karudi na fomu mbili. Ya kwanza inataka achague ala tatu kwa kufuatana. Kaandika klarineti, tarumbeta, tromboni, na hajawahi kugusa hata moja. Ya pili ni ya masharti: mazoezi ya nyumbani dakika 20, siku tano kwa wiki, mzazi atie sahihi, ahudhurie maonyesho yote, kila kipindi aje na ala, penseli na jalada la muziki, na atapimwa peke yake mbele ya mwalimu.

Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kupiga ala yoyote. Naomba mnilinganishie hizi tatu kwa mtoto asiyejua hata nota moja. Ipi inampa moyo mapema, ipi inamsumbua? Na haya masharti yanatekelezeka kweli? Sitaki aanze kwa furaha halafu miezi miwili mbele aache akijiona hafai.

mpenda_klarineti

Hongera kwa binti, dada. Nimepiga klarineti miaka saba, na sasa kijana wangu ana mwaka wa pili nayo, kwa hiyo nasema ninachokisikia kila jioni.

Klarineti haikunyimi sauti. Ukikaza midomo vizuri kwenye kipulizio, siku ya kwanza inalia. Kazi iko kwenye vidole. Mbele ina matundu sita ya wazi na nyuma moja la dole gumba, na ncha ya kidole lazima izibe tundu lote. Kidole kikiteleza kidogo tu, hewa inavuja na ala inapiga ukelele. Mwanangu aliamini kabisa kwamba ala yetu ni mbovu. Nikamwambia ayabane matundu kwa nguvu kwa muda, halafu ageuze mikono atazame. Kila ncha ya kidole ilitakiwa iwe na alama ya duara kamili. Kidole cha pete cha kulia kilikuwa na nusu duara. Ukelele wote ulikuwa unatokea hapo.

La pili ni ridi, kile kijipande chembamba cha tete kinachofungwa kwenye kipulizio. Kinachanika, kinapinda, kinachoka. Awe nazo tatu au nne kwenye sanduku, azitumie kwa zamu. Anayeanza apewe namba 2 au 2 na nusu, kwa sababu ridi ngumu humfanya mtoto aume kipulizio kwa meno. Akimaliza aivue, aifute, airudishe kwenye kibebeo chake. Ridi iliyolala kwenye ala ikiwa na unyevu huota ukungu, na kesho yake ndiyo hiyo anayoiweka mdomoni.

tromboni_ya_pili

Naomba niisemee tromboni, maana watoto wengi huiandika ya tatu kujaza nafasi tu.

Haina vitufe. Ina bomba la kuvuta lenye nafasi saba, na hakuna alama inayokuonyesha nafasi ya nne iko wapi. Sikio ndilo linalokuambia. Wazazi wanaogopa hilo, lakini mimi naona ndipo utamu wake ulipo. Mtoto wa tromboni anaanza kusikiliza kwa makini wiki ya kwanza, kwa sababu asiposikiliza nota haiji.

Onyo langu ni urefu wa mkono. Bendi nyingi za wanaoanza hufungua kwa nota tano: B-flati, C, D, E-flati na F. Kwenye tromboni ile C ya chini iko nafasi ya sita, karibu na mwisho wa bomba. Kwa hiyo mtoto mwenye mkono mfupi hakutani na tatizo mwakani, anakutana nalo ndani ya nota tano za mwanzo. Anageuza bega kuifikia, pumzi inakatika, sauti inayumba. Umri huo wanarefuka haraka, na zipo tromboni zenye vali ya nyongeza (mlango wa hewa unaofunguliwa kwa kidole) inayoileta C hiyo hadi nafasi ya kwanza, ila huwa nzito begani. Kabla hujarudisha fomu, mwombe mwalimu binti anyooshe mkono na bomba lenyewe.

mwalimu_wa_bendi

Nafundisha wanaoanza, na swali hili naulizwa kila muhula. Ningependa tuliulize kwa namna nyingine. Kila ala ina ukuta wake. Zinachotofautiana ni lini mtoto anaugonga, na mzazi akijua tarehe yake mapema hatamwacha mwanawe ajilaumu.

Fluti haimo kwenye orodha yenu, lakini wasomaji wengine wa uzi huu wataitaka. Ukuta wake uko mlangoni. Pumzi nyingi hupita juu ya tundu bila kuingia, mtoto anashikwa na kizunguzungu, na wapo wanaokaa siku kadhaa bila sauti ya maana. Akishaipata, njia inakuwa laini kwa muda mrefu.

Tarumbeta inalia mapema. Tatizo lake ni kwamba ina vali tatu tu, na vidole vilevile vinatoa nota mbalimbali kwa kubadili midomo na kasi ya hewa. Bila kubonyeza chochote unapata C, unapata G, unapata na C ya juu. Mtoto anabonyeza sawasawa kabisa, lakini inatoka nota ya jirani. Akikosa mtu wa kumweleza sababu, anaikandamiza ala mdomoni ili apande juu, midomo inavimba, na nusu ya kipindi bado. Mpiga tarumbeta anayeanza namtaka apumzike karibu sawa na muda aliopiga. Mzazi anayesikia ukimya kati ya vipande asidhani mtoto anakwepa kazi.

Klarineti ndiyo inayonipa kazi kubwa kwa wazazi, kwa sababu ukuta wake umejificha. Nota za chini zinakwenda vizuri kwa miezi. Kisha mtoto anafika A ya juu ya sehemu hiyo ya chini, inayopigwa karibu vidole vyote vikiwa hewani, na nota inayofuata, B, inataka karibu vidole vyote vishuke kwa pamoja, kila kimoja kikiziba tundu lake. Kwetu tunaita kuvuka daraja. Tena ufunguo wa dole gumba hauirudii nota ileile kwa juu kama ilivyo kwenye saksafoni. Klarineti inaruka hadi nota ya 12. Vidole vya C ya chini, ukiongeza ufunguo huo, vinatoa G. Ina maana mtoto anajifunza majina mapya kwa vidole alivyokwisha kuvizoea. Wiki hizo ndipo wengi huja kuniomba wabadili ala. Huwa nawaambia wazazi tangu mwanzo: siku mtakaposikia sauti mbaya kuliko ya mwezi uliopita, mtoto wenu amesonga mbele.

Sasa masharti. Dakika 20 si za karatasini. Misuli ya midomo haijengwi kwa saa moja na nusu ya Jumapili. Inajengwa kidogo kidogo, na ikiachwa siku nne inarudi nyuma. Lakini dakika hizo ziwe na mpango: nota ndefu kwanza, kisha vipimo (vile vipande vifupi vya wimbo vinavyotengwa kwa mistari ya wima) viwili au vitatu vilivyomshinda darasani, vipigwe polepole mara nyingi, na mwisho apige anachokipenda. Anayepiga wimbo mzima toka juu hadi chini mara nne anarudia kosa lilelile mara nne. Na sahihi, tafadhali, tia kwa ulichokisikia. Huhitaji kujua muziki. Keti pale pale, mwambie akupigie mstari mmoja.

Maonyesho nayapigania kuliko yote. Mwanafunzi akikosa somo la hesabu, hasara ni yake. Bendi ikiwa na tromboni mbili na moja isitokee, wimbo una tundu na wenzake 30 wanalisikia.

baba_wa_mpiga_ngoma

Nawaongezea ngoma, kwa sababu nilidhani ndiyo njia ya mkato. Mwanangu hakupewa ngoma peke yake. Alitakiwa ajue na kinanda cha vibao vya chuma kinachopigwa kwa vijiti, kwa nota zilezile wanazosoma wa fluti. Nyumbani miezi ya mwanzo alikuwa anapiga kipande cha mpira, vijiti vikirudi kwa urefu sawa, kulia kushoto, kulia kushoto. Na kwenye onyesho anaweza kukaa kimya vipimo 16, akapiga mara moja, akanyamaza tena. Mtoto asiyeweza kuhesabu kimoyomoyo kwa utulivu atapata shida hapo.

mama_wa_wawili

Mwalimu, ubarikiwe, hili la tarehe ya ukuta sikuwahi kulifikiria. Nina swali. Binti huenda akafungwa nyaya za meno mwaka huu. Je, tarumbeta tuifute?

mwalimu_wa_bendi

Msiifute kwa hilo tu, ila mjue mapema. Kwenye tarumbeta kipulizio kinakaa juu ya midomo, na midomo iko juu ya nyaya, kwa hiyo wiki za mwanzo zinauma na nota za juu zinapotea kwa muda. Wapo wanaopaka nta ya meno na kuendelea, na kwa kweli wanajifunza kutokandamiza. Kipulizio cha tromboni ni kipana zaidi, wengi hukivumilia. Klarineti inaathirika kidogo kuliko tarumbeta, kwa vile mdomo wa chini unakunjwa juu ya meno ya chini. Zungumzeni na daktari wa meno, na mumwambie mwalimu wake tarehe, ili asimpe sehemu ya kwanza, ile yenye nota za juu, wiki hiyo.

darasa_la_nane

Shikamooni wazazi. Mimi napiga saksafoni, mwaka wa tatu. Naomba niseme la kupimwa, kwa sababu ndilo nililoliogopa. Mara ya kwanza mikono ilikuwa na jasho nikapoteza mapigo kwenye kipimo cha pili. Mwalimu aliniambia nianze tena, polepole, nikigonga mguu. Baadaye niligundua alikuwa hatafuti nani bora. Tukipiga wote pamoja hawezi kusikia kama nakata pumzi katikati ya sentensi ya muziki. Peke yangu anasikia.

Pia mwambieni asishangae akimsikia mwalimu anasema B-flati huku yeye anasoma C. Klarineti na tarumbeta zimeandikwa hivyo: C yao ndiyo B-flati ya fluti. Kwenye saksafoni yangu ya alto naiandika G. Mimi nilidhani nimekosea mwezi mzima nikaona aibu kuuliza.

mzazi_mwenzenu

Nimesoma yote, nikubaliane na mwalimu isipokuwa moja. Dakika 20 kwa wiki za kwanza ni nyingi. Wa kwangu alipiga tarumbeta, dakika ya nane midomo imekufa, na mimi nimesimama mlangoni na saa. Nilimfanya aichukie. Tulivyogawa, dakika kumi kabla ya kazi za shule na kumi kabla ya kulala, kilio kiliisha. Hili najutia kulichelewa.

La ala: kodini kwanza, au muazime ya shule. Mimi nilinunua mtandaoni tarumbeta mpya inayong'aa. Vali ya pili ilikuwa inakwama kila baada ya nota chache, tukaongeza mafuta, tukaisafisha, wapi. Fundi akaitazama akasema chuma ni laini, vali zimechongwa vibaya, na vipuri vyake havipatikani. Mtoto alikuwa amejilaumu miezi mitatu kwa kosa la kiwandani. Ala iliyotumika, ambayo fundi ameikagua, ni bora kuliko mpya usiyoijua. Na kwa klarineti, ya plastiki inamtosha anayeanza. Ya mbao huweza kupasuka ikitoka kwenye baridi kuingia kwenye joto la pumzi.

mwalimu_wa_bendi

Nakubali, mzazi mwenzangu. Kwa tarumbeta gawanyeni dakika. Nitaliweka hilo kwenye fomu yangu ya muhula ujao.

mama_wa_wawili

Narudi na majibu, wakuu. Leo ilikuwa siku ya kujaribu vipulizio. Kwa klarineti alipata sauti mara moja, lakini vidole vyake ni vyembamba sana, kile cha pete hakikuziba. Kwa tarumbeta ilitoka nota moja kali, akaacha akishika mdomo. Kisha akapewa tromboni. Nilikuwa nimekaa nyuma kabisa. Alivuta bomba taratibu, mwalimu wa shule yao akipiga nota kwenye piano, na nikamwona ameinamisha kichwa pembeni, amefumba macho, anasogeza kidogo, anarudisha kidogo, mpaka zikaungana. Aliposikia zimeungana alifumbua macho akanitafuta mimi.

Nafasi ya sita anaifikia kwa ncha za vidole, bega likigeuka. Mwalimu kasema watamfundisha kuifikia bila kukata pumzi, na mwakani mkono utakuwa umemaliza tatizo lenyewe. Tumefuta mpangilio wa fomu, tromboni imekwenda juu. Tunaazima ya shule. Mimi nimetafuta kiti, nimekiweka karibu na kabati lake, kitakuwa changu hizo dakika 20.

@tromboni_ya_pili, naomba unisaidie: lile bomba linapakwa nini ili liteleze vizuri, na mara ngapi?

tromboni_ya_pili

Nimefurahi mno, dada. Krimu ya bomba, kidogo sana, kwenye ncha nene za bomba la ndani tu, halafu kichupa cha kunyunyizia maji juu yake. Maji kila siku anapoanza, krimu pale anapohisi bomba linashika, baada ya kufuta ile ya zamani. Mafuta ya vali usiyaweke hapo. Na mfundishe mapema kufunga kitasa cha bomba kabla ya kuinyanyua ala, maana likichomoka likaanguka sakafuni linapinda, na bomba lililopinda halitelezi tena bila fundi.