Naomba ushauri: nichague mafunzo yapi ya uendeshaji na uthabiti wa mfumo wa umeme?

FundiRota: Wakuu, salaam. Mimi ni fundi sanifu katika kituo cha kufua umeme kwa maji, na mwajiri amekubali kunisomesha. Kozi ya kwanza ni fupi, ya darasani, inayogusa kila mada kuanzia uzalishaji hadi ulinzi wa njia za umeme. Ya pili ni ndefu, inahusu udhibiti wa masafa (idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde) peke yake, na sehemu kubwa hufanyika kwenye kompyuta inayoiga gridi. Nichukue ipi?

Msimamizi wa Zamu: Mkuu, chukua ya pili. Kila mashine ya Bwawa la Julius Nyerere ina megawati 235, kwa hiyo moja tu ikitoka ghafla, gridi yetu huipata habari hiyo mara moja. Tuseme mashine zinazobaki kazini zina uwezo wa megawati 2,000, na nishati iliyomo katika rota zao, yaani sehemu zinazozunguka, ingetosha kubeba mzigo wa megawati hizo 2,000 kwa sekunde nne: masafa yataanza kushuka kutoka hezi 50 kwa kasi ya takriban hezi 0.7 kila sekunde. Hapo hakuna nafasi ya kupekua madaftari, na uamuzi wa namna hiyo hujengwa kwa kurudia zoezi mpaka likukae mwilini.

Mama Turbaini: Naafiki, ila waulize kwanza kama programu yao inaiga bomba la maji. Gavana, yaani kifaa kinachodhibiti mwendo wa turbaini, ikifungua milango ya turbaini, maji yaliyomo bombani hayaongezi mwendo papo hapo. Shinikizo hushuka kwanza, na kwa muda mfupi mashine hutoa umeme pungufu, wakati ule ule gridi inapohitaji zaidi. Gavana iliyorekebishwa kwa pupa huyafanya masafa yayumbe badala ya kutulia. Kama wanaiga mitambo ya gesi tu, hawatakufundisha jambo hili, nalo ndilo kazi yako ya kila siku.

Mwanagridi: Mimi natofautiana kidogo. Kama hesabu za volteji na nguvu tendanishi (ile inayokwenda na kurudi kwenye njia bila kufanya kazi, lakini huathiri volteji) bado zinakusumbua, anza na ile fupi, kwa sababu njia zetu ni ndefu na volteji hupanda usiku mzigo unapopungua.

FundiRota: Nashukuruni sana. Hesabu hizo nazimudu, kwa hiyo kesho nitawaandikia wakufunzi wa kozi ya pili kuhusu bomba la maji kabla sijajaza fomu.