Morris Minor iliyofungwa injini upya inamisi silinda ya 1 na ya 2: tuanzie wapi?

Mwenye Morris, Wete

Assalamu alaykum wazee wangu na mafundi. Naomba msaada wenu juu ya Morris Minor 1000 ya marehemu baba, yenye injini ya cc 1098, ambayo ilikaa bandani kwetu Wete miaka mingi. Mwaka jana injini ilipelekwa gereji moja Unguja, ikafumuliwa yote, ikatiwa pistoni na ringi mpya, valvu zikasagwa na kreniki ikachongwa, kisha ikarudi Pemba kwa meli.

Asubuhi ikiwa baridi na choki imevutwa, inazunguka kwa utulivu kabisa. Ikishapata moto nikairudisha choki, huanza kumisi (silinda nyengine haziwaki), hutikisika mpaka kioo cha kutazamia nyuma hakionyeshi kitu, na mara kwa mara hupiga chafya kupitia kabureta. Nikiivuta choki nusu, hutulia tena. Njiani kuelekea Chake Chake, ikishashika mwendo, haina taabu kubwa, ila kwenye vilima huchoka upesi.

Nimebadilisha plagi, platini na kondensa bila ya kuona nafuu. Nilichomoa nyaya za plagi mmoja mmoja injini ikiwa inazunguka: ya 3 na ya 4 nikizichomoa injini karibu inazima, lakini ya 1 na ya 2 haileti tofauti yoyote ya maana. Plagi za silinda hizo mbili zimepauka, karibu nyeupe, na za 3 na 4 ni nyeusi zenye masizi. Fundi aliyeifunga alinambia kwa simu niongeze mafuta kwenye kabureta; nimeizungusha nati mizunguko miwili kamili, na sasa inatoa moshi mweusi lakini bado inamisi. Gari hii ndiyo iliyotupeleka skuli sote nyumbani, na inaniuma kuiona imetengenezwa kwa gharama yote ile kisha haitulii.

Fundi wa Ng'ambo

Wa alaykumu salaam, ndugu yangu. Mungu amrehemu mzee. Umeeleza vizuri kuliko wateja wengi wanaoniletea gari hapa, kwa sababu umetaja silinda zipi, na hapo ndipo penye jibu. Tafadhali usiiguse kabureta tena kwa sasa. Kabureta yako ni moja na inalisha silinda zote nne. Ingekuwa yenye kosa ni yenyewe, zote nne zingelalamika.

Silinda zinazolalamika ni mbili zilizo jirani, na katika injini hii ya ukoo wa A-Series, injini ndogo za Kiingereza, ya 1 na ya 2 ni majirani kwa njia tatu. Kwanza, hedi yake, yaani kichwa cha injini, ina matundu mawili tu ya kuingizia hewa na mafuta: la mbele linahudumia silinda ya 1 na ya 2, la nyuma linahudumia ya 3 na ya 4. Pili, ukuta wa chuma baina ya silinda na silinda ni mwembamba, na gasketi ya hedi ikiungua hapo, zote mbili hupoteza nguvu kwa pamoja. Tatu, moto wa injini hii hupigwa kwa mpango wa 1-3-4-2 kisha 1 tena, kwa hiyo juu ya kifuniko cha distribyuta (kigawa moto wa plagi) waya wa 2 na waya wa 1 hukaa ubavu kwa ubavu, na kifuniko kikiwa na ufa, moto wa mmoja huvuka ukaenda kwa mwenzake kabla ya wakati wake.

Mwenyewe naelemea kwenye tundu la mbele, kwa sababu ya choki. Injini yenye moto inayotulia pale tu unapovuta choki inakwambia kuwa hewa imezidi mafuta, kwani choki huzidisha mafuta, na plagi nyeupe zinasema hayo hayo. Hata hivyo sipendi kukisia juu ya jambo linaloweza kupimwa. Pima mgandamizo wa silinda zote injini ikiwa na moto, plagi zote nne zikiwa nje na mafuta yamekanyagwa mpaka mwisho, kisha utuletee namba.

Mstaafu wa Chake Chake

Nakubaliana na fundi, ila naomba distribyuta isisahauliwe, kwani sisi watu wa visiwani tunajua upepo wa bahari unavyofanya kazi yake kimya kimya. Gari iliyolala muda mrefu aghalabu hupata chumvi na ukungu ndani ya kifuniko, na mafundi wengi hutia platini mpya wakakirejesha kifuniko kile kile cha zamani. Kivue, kioshe kwa maji safi, kikaushe vizuri, kisha kitazame ndani kwa tochi. Ufa uliopitisha moto huonekana kama mstari mwembamba mweusi, mfano wa alama ya penseli, unaotoka nguzo moja kwenda nyingine. Baada ya hapo subiri usiku, zima taa zote, washa injini na tazama: kama moto unavuka, utaona vicheche vya buluu juu ya kifuniko au kwenye nyaya.

Kuna alama moja, lakini, inayonifanya nisilikazanie sana neno hili. Plagi isiyopata moto hutoka imelowa petroli na inanuka, wala haitoki nyeupe.

Jingine ni tapeti, yaani nafasi inayoachwa kwenye kila valvu. Injini iliyofungwa upya hukaza hedi yake baada ya kutembea kidogo, na nafasi za valvu hubadilika. Kaza nati za hedi kwa mpango wake, pauni-futi 40, halafu pima tapeti zote nane injini ikiwa baridi kwa inchi 0.012. Valvu ya kuingizia isiyofunga sawasawa nayo hupiga chafya kwenye kabureta, na mtu akaihangaikia kabureta wiki nzima bila ya sababu.

Mwenye Morris, Wete

Ahsanteni sana. Nimeazima kipimo kwa jirani. Silinda ya 1 imetoa 150, ya 2 imetoa 148, ya 3 imetoa 152 na ya 4 imetoa 150, zote kwa pauni kwa inchi ya mraba. Hedi nimeikaza, tapeti mbili zilikuwa zimebana kidogo nikazirekebisha, na mtikisiko umepungua kwa kiasi kidogo sana. Kifuniko cha distribyuta ni kisafi, na usiku sikuona kicheche hata kimoja.

Fundi wa Ng'ambo

Namba hizo zinaiondoa gasketi ya hedi, na zinaonyesha pia kuwa valvu zinafunga. Aliyekusagia valvu na kukutilia ringi alifanya kazi nzuri. Limebaki tundu la mbele.

Washa injini ipate moto, iache izunguke bila ya kukanyaga mafuta, kisha chukua brashi ndogo yenye oili ya injini upake kidogo kidogo pale manifoldi, bomba linalopeleka hewa na mafuta kutoka kwenye kabureta, inapokutana na hedi, ukianzia mbele. Usitumie petroli kwa kazi hii hata ukiona wengine wanafanya hivyo, kwa sababu bomba la moto liko hapo hapo chini ya mkono wako. Penye upenyo utaiona oili inavutwa ndani, mlio wa injini utabadilika, na nyuma utatoka moshi wa buluu. Ungekuwa upenyo wa kwenye kabureta, kama vile ekseli ya kipepeo iliyolika, au kwenye bomba la kupumulia kreniki, silinda zote zingeathirika. Kwa hiyo tafuta kwenye uso ule mmoja.

Mwenye Morris, Wete

Nimerudi na majibu. Nilipopaka oili chini ya tundu la mbele, upande usioonekana ukisimama juu ya injini, ilitoweka kama iliyonyonywa na mrija, na kwa sekunde chache injini ikatulia kabisa, kisha ikaanza tena kumisi. Niliifungua manifoldi jana. Gasketi ilikuwa mpya, lakini chini yake kulikuwa na mabaki ya gasketi ya zamani yaliyogandamana kwenye hedi, magumu kama ukoko, na nusu ya tundu la mbele gasketi haikuwa na alama ya kubanwa hata kidogo. Niliweka rula ya chuma juu ya uso wa manifoldi, na fila geji (bapa jembamba la kupimia upenyo) ya milimita 0.3 ikapita upande wa mbele bila ya kugusa popote.

Nimekwangua mabaki yote huku nimeziba matundu kwa vitambaa, manifoldi imesawazishwa uso kwa mashine, na gasketi nyengine imekuja kutoka Dar es Salaam. Leo asubuhi nimewasha. Silinda zote nne nikizichomoa waya, kila moja inaonekana inafanya kazi.

Swali la mwisho: kabureta niirudishe vipi, maana moshi mweusi umebaki?

Fundi wa Ng'ambo

Alhamdulillah. Moshi huo ni ile mizunguko miwili uliyoongeza. Ipandishe nati ya chini ya kabureta mpaka mwisho, kisha ishushe pembe 12, yaani mizunguko miwili kutoka juu kabisa, uanzie hapo injini ikiwa na moto. Halafu inyanyue pistoni iliyo ndani ya kabureta yenyewe kwa upole, kiasi cha milimita moja tu. Mwendo ukipanda na kubaki juu, mafuta yamezidi, pandisha nati pembe moja. Injini ikitaka kuzima, ni machache, shusha pembe moja. Ukipanda kidogo kwa nukta moja kisha ukatulia, hapo ndipo. Na nati za manifoldi zikaze tena baada ya wiki moja.