Kuvalisha Hilux LN106 ekseli ya mbele ya Land Cruiser 60, kuna mtu amefanya?

maji_kona_baridi

Wadau habari zenu. Niko na pikapu ya Hilux LN106 singo kebini, injini ya dizeli ya 3L (hilo ni jina la injini, si lita), na kazi yake ni maji tu, natoa Kiserian nashuka Kona Baridi halafu naacha lami naingia kwa maboma huko chini, tanki ya lita 1,000 nyuma, safari mbili siku zingine tatu. Nyuma haijawahi kunisumbua, shida yangu ni ekseli ya mbele. Tairi za mbele zinaisha upande wa ndani, na ile sili ya ndani upande wa dereva nimebadilisha mara tatu tangu Januari, kila tukifungua tunapata grisi ya sivi (kiungo cha shafti kinachokunja tairi ikigeuka) imechanganyika na oili ya difu (zile gia za ndani ya ekseli) imekuwa kama uji. Kila fundi anasema sili ilikuwa feki, ananiuzia nyingine.

Sasa kuna jamaa Grogan, pale pa spea Nairobi, ana ekseli nzima ya mbele ya Land Cruiser 60, difu ndani, breki ziko, ananiambia hiyo nikivalisha nitasahau mambo ya mbele mpaka nizeeke. Nimeiangalia na kweli ni nzito na bomba lake ni nene kuliko langu. Mashimo ya rimu ni sita kama yangu. Je inaingia tu hivyo ama kuna kazi? Na ni kitu gani nisipoangalia sahi kitanigharimu baadaye? Hii gari ndiyo inalisha nyumba, siwezi kuilaza mwezi mzima kwa gereji. Naombeni msaada wa mtu ambaye amefanya, si wa kusikia.

fundi_wa_kariobangi

Ndugu yangu kabla ya Grogan tuongee kwanza hiyo sili, kwa sababu umeshaeleza ugonjwa bila kujua. Tairi kuliwa ndani na sili kuvuja upande huohuo ni kitu kimoja. Ekseli yako imepinda. Gari ikidunda na mzigo, magurudumu yanasukuma zile ncha za bomba juu, bomba linakunjika kidogo tu, milimita chache ambazo macho hayaoni, juu ya tairi inaingia ndani na chini inatoka nje. Sasa ile shafti ya ndani inapita katikati ya sili, bomba likipinda shafti haiko katikati tena, inakaa imelalia upande mmoja wa sili, na hapo hata uweke sili ya Japani ya kwenye pakiti itavuja tu. Oili ya difu inaingia kwa sivi inaosha grisi yote, ndiyo huo uji wako. Hao mafundi walikuuzia sili tatu kwa shida ambayo si ya sili.

Pima hivi. Gari isimame mahali pa simenti, chukua timazi ya fundi wa mawe, ining'inize kando ya gurudumu upande wa nje, pima kutoka kwa kamba mpaka kwa mdomo wa rimu juu, halafu chini. Fanya pande zote mbili. Gurudumu la Hilux likiwa sawa karibu lisimame wima, linalalia nje kidogo sana. Ukipata juu imeingia ndani wazi wazi, hiyo bomba imekwenda.

Kabla hujaondoka hapo cheki raba za kugongea, zile zinazuia ekseli isigonge chesisi. Nyingi za LN106 zilikatika zamani na hakuna mtu alirudisha. Na shokabzoba zikiwa zimekufa hata ekseli ya lori utapinda.

mzigo_wa_namanga

Mimi nimefanya, ekseli za 60 mbele na nyuma kwa LN106, na sijutii lakini nilichoka.

Kuingia tu hivyo haiingii. Springi za Hilux upana ni milimita 60, za Land Cruiser 60 ni 70, na vikalio vyake (pale springi zinakalia ekseli) viko mahali pengine kwa hiyo unavikata vyote unachomelea vingine ukifuata chesisi yako. Ekseli yenyewe ni pana, tairi zinatokeza nje ya madigadi. Flanji ya propela (shafti inayopeleka nguvu kwa difu) mashimo hayakulingana na yangu, nikapeleka propela Industrial Area ikafanyiwa kazi na kubalansiwa. Halafu angalia mdomo wa transfa (giaboksi inayogawa nguvu mbele na nyuma) unatokea upande gani na difu ya hiyo ekseli iko upande gani, zikipishana acha hiyo biashara hapohapo.

Kitu cha pili ni ratio, yaani propela inazunguka mara ngapi magurudumu yakizunguka mara moja, na hapa usikubali mtu akuambie "zinakaribiana". Mbele na nyuma lazima ziwe moja. Ukiweka 4.11 mbele na nyuma uko 4.56 ukaingiza fowili kwa njia kavu, propela mbili zinapigana mpaka kitu kivunjike, mara nyingi ni transfa. Kama difu iko wazi na unaona meno, hesabu: 37 kwa 9 ni 4.11, 41 kwa 9 ni 4.56. Kwa gari, iwe nyutro, inua gurudumu moja la nyuma, lile lingine likae chini limezuiliwa, zungusha hilo ulilinua mara mbili kamili huku mwenzako anahesabu propela. Propela ikizunguka mara nne na nusu na kitu kidogo, hiyo ni 4.56. Mimi niliamua kubadilisha na ya nyuma kwa sababu hiyo tu, na pia ili mbele na nyuma zipitie njia moja kwa mchanga.

Lakini kilichonitesa ni stiaringi. Fundi wangu alipochomelea vikalio aliinua pua ya difu ili iangalie transfa vizuri, propela ikawa imenyooka kabisa, tukafurahi. Hatukujua kwamba ukiinua pua umezungusha ekseli nzima, na pale kingipini (pini ambazo gurudumu linageukia) zinakaa pamechomelewa kwa hiyo ekseli, kwa hiyo kasta, ile kingipini kulalia nyuma kidogo ili stiaringi ijinyooshe, ikapotea. Nikatoka nayo Mombasa Road, kufika Mlolongo niko kama 70, tairi ya kushoto ikapita shimo dogo, mbele ikaanza kutikisika kushoto kulia kushoto kulia, stiaringi inanipiga vidole gumba, mke wangu ameshika dashibodi, nikakanyaga breki polepole mpaka ikasimama kando. Mikono ilikuwa inatetemeka. Tulikata vikalio vyote tukaanza upya, tukaacha pua chini kidogo na kasta ikarudi. Kwa hiyo ukifanya, kasta ndiyo ya kwanza, propela itafuata.

fundi_wa_kariobangi

Huyo mzee wa Namanga ameongea ukweli mtupu. Niongeze juu ya kuchomelea kwa sababu hapo ndipo ekseli nzuri inaharibiwa. Usiache mtu achomelee kikalio chote mara moja kutoka mwanzo mpaka mwisho, joto linavuta bomba na unarudi palepale pa ekseli iliyopinda. Aguse kidogo huku, ahamie upande wa pili, aache ipoe yenyewe bila maji. Waya wa athi, ule wa kurudisha umeme wa mashine, ushikwe karibu na pale anachomelea, usishikwe kwa habu, umeme ukipita kwa beringi unazichoma na utazisikia zikilia baada ya wiki.

dada_wa_spea

Nauza spea za Toyota za zamani kwa hivyo nitasema upande wangu. Kaka wa maji, ukisikia "ya Land Cruiser" usidhani kila kitu ndani ni kikubwa. Kubwa ni kraunwili, ile gia kubwa ya difu, ya 60 ni inchi 9.5 na ya Hilux ni inchi 8, na bomba ni nene kweli. Lakini wewe hujavunja kraunwili wala sivi, umepinda bomba. Kabla hujalipa, enda na vernia upime sivi ya hiyo ekseli na yako, usinunue kwa macho.

Mimi ningekushauri tafuta bomba tupu la LN106 lililonyooka, halafu lichomelewe ubavu wa chuma kwa chini kutoka kikalio mpaka kikalio, vitu vyako vya ndani vyote vinahamia. Ni kazi ya siku chache. Beringi za kingipini weka mpya, na shimu zake (vibati vyembamba vya kurekebisha mkazo) usibahatishe. Kabla ya kufunga tairod, ile fimbo inayounga magurudumu mawili ya mbele, funga mizani ya springi, ile ya kupimia samaki, kwa ncha ya mkono wa stiaringi uvute: ianze kusogea ikisoma kati ya kilo 3 na 6. Ikiwa nyepesi, stiaringi itacheza. Na zile nati za mkono wa stiaringi zikaze tena ukitembea wiki moja, zikilegea stadi zinakatika na stiaringi hauna.

Ukienda na ya 60, ongea na bima yako kwanza na uulize inspekshoni ya magari ya serikali Likoni Road kabla ya kukata chuma.

maji_kona_baridi

Nimerudi. Asanteni sana, nimepima na timazi leo asubuhi kabla ya kupakia. Upande wa dereva juu imeingia ndani milimita 11 kuliko chini, upande wa pili 4. Raba za kugongea, ya kulia haipo kabisa, kwa chesisi kuna alama ya chuma kugonga chuma, imeng'aa kabisa. Kwa hiyo sili zangu tatu nimezielewa sasa, na pesa yake pia nimeielewa.

Nimeamua bomba la LN106 na ubavu, ya 60 iwachwe Grogan, siwezi kusimamisha maji ya watu huku kiangazi. Dada wa spea nimekutumia ujumbe. Fundi wa Kariobangi, huo ubavu wa chini niweke chuma cha unene gani, na unapita vipi pale chini ya difu bila kushuka sana? Huku kwetu mawe ni mengi.

fundi_wa_kariobangi

Milimita 6 inatosha. Usipitishe chini ya difu, ukate vipande viwili viishie kando ya difu, kwa sababu panapopinda ni pale kati ya difu na kikalio. Toa vitu vyote vya ndani kabla moto haujaguswa. Na hiyo raba ya kulia uirudishe leo, hata kabla ya bomba.