Mjadala: Je, Python ilikosea kuziondoa moduli 19 kwenye maktaba yake sanifu?

Mleta mada

Wakuu, naomba tulijadili hili kwa hoja. Lugha ya programu ya Python ilipotoa toleo la 3.13 Oktoba 2024, moduli 19 (vipande vya msimbo vilivyo tayari kutumika) ziliondolewa kwa mpigo mmoja kwenye maktaba sanifu, yaani mkusanyiko wa moduli unaokuja na lugha yenyewe. Zimo cgi, crypt, telnetlib, imghdr, nntplib, pipes na uu. Pendekezo lenyewe, PEP 594, liliandikwa na Christian Heimes na Brett Cannon, na maonyo yalianza kutokea kwenye toleo la 3.11 mwaka 2022. Kwa hiyo siwezi kusema tulishtukizwa. Hata hivyo naona walikosea, hasa kwa telnetlib na imghdr.

Moduli inayokuja na lugha ipo popote lugha ilipo, na hiyo ndiyo thamani yake yote. Fundi wa mtandao akiwa mbele ya swichi ya zamani inayoelewa telnet tu (njia ya zamani ya kukiamuru kifaa kwa mbali), mara nyingi hana intaneti, maana intaneti ndiyo anayoitengeneza. Zamani aliandika `import telnetlib`, akatuma amri, akasoma majibu, kazi ikaisha. Leo kwenye 3.13 anapata ModuleNotFoundError, na anaambiwa atumie pip, programu ya kusakinisha vifurushi vya Python, ambayo kwa kawaida inataka intaneti hiyo hiyo. Mwalimu anayefundisha kwenye maabara inayotegemea bando la simu yake yuko palepale. Nayo imghdr ilikuwa faili moja fupi: inasoma baiti za mwanzo za picha na kukuambia kama ni PNG, JPEG au GIF. Sijaona ilikuwa inamlemea nani.

Najua mtaniambia lugha ya Perl nayo iliitoa moduli yake ya CGI.pm kwenye toleo la 5.22, mwaka 2015. Ni kweli. Lakini angalieni Perl inavyovitendea vigeu vyake maalumu. `$_`, `$/`, `$!`, `@ARGV` na `%ENV` vipo hadi leo. Wengi wanalalamika kwamba havisomeki. Anayetaka majina marefu anaandika `use English`, na `$/` inaitika pia kwa `$INPUT_RECORD_SEPARATOR`. Skripti ya miaka ya tisini inayobadilisha `$/` ili isome faili aya kwa aya inaendelea kufanya kazi. Waliongeza njia ya pili, ya kwanza wakaiacha wazi. Kwa nini Python ishindwe?

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, umechagua vigeu vilivyobaki. `$*` na `$#` viliondolewa kwenye Perl 5.10 mwaka 2007, na tangu 5.30 ukijaribu kuipa `$[` thamani isiyo sifuri programu inakataa. Hakuna lugha iliyoishi muda mrefu bila kukata kitu.

Halafu unahesabu gharama upande mmoja tu. Kila moduli iliyomo ndani lazima ijaribiwe kwa kila toleo, kwenye Linux, Windows na macOS, na hitilafu ya usalama ikionekana lazima mtu airekebishe. Wengi wanaofanya kazi hiyo wanajitolea. Telnet yenyewe inapitisha nywila waziwazi, yeyote aliye njiani anaisoma. Na crypt, moduli ya kuficha nywila, ilitegemea kile ambacho mfumo endeshi unacho, kwenye Windows haikufanya kazi kabisa. Mwanafunzi akiikuta kwenye maktaba sanifu anaamini ndiyo njia sahihi ya kuhifadhi nywila. Mimi namhofia huyo kuliko fundi wako, ambaye anaweza kubaki na 3.12 kwenye kompyuta yake ya kazi.

Mchangiaji wa pili

Kwenye usalama mimi niko na mleta mada. Ukimtoa mtu kwenye maktaba sanifu unampeleka PyPI, ghala la mtandaoni la vifurushi vya Python, na huko yeyote anaweza kupandisha kifurushi. Mwaka 2017 mamlaka ya usalama ya taifa ya Slovakia ilitangaza vifurushi bandia vilivyowekwa huko kwa majina ya kudanganya macho, kikiwemo kimoja kilichoitwa urllib, jina la moduli ya Python yenyewe. Aliyekisakinisha alipata msimbo unaofanya kazi, pamoja na kipande kilichotuma nje jina lake la mtumiaji na jina la kompyuta yake. Anayeanza atajuaje kifurushi kipi ni halali? Moduli ya ndani, hata kama ni kuukuu, angalau imepitiwa na watu wanaojulikana.

Mleta mada

Kuhusu crypt nakubali, iende. Kuhusu vigeu vya Perl umenisahihisha vizuri. Lakini kumwambia fundi abaki na 3.12 ni kumnyima marekebisho ya usalama siku toleo hilo litakapoacha kutunzwa, kwa hiyo hatari uliyoifukuza mlangoni inaingia dirishani.

Ipo njia ya tatu, na watu wa lugha ya Ruby wameitumia. Kwenye Ruby 3.4, Desemba 2024, csv, base64 na bigdecimal zilihamishwa zikawa jemu (vifurushi vya Ruby) zinazofungashwa pamoja na lugha. Ukisakinisha Ruby unazipata bila kupakua kingine, ila zinatunzwa kando na zina matoleo yake. Anayetumia Bundler, chombo cha kusimamia jemu za mradi, analazimika kuongeza mstari mmoja kwa kila jemu kwenye Gemfile, yaani faili lenye orodha ya jemu hizo, basi. Mzigo unapungua kwa watunzaji, na mtu asiye na intaneti hapotezi kitu.

Anayepinga anieleze kwa nini telnetlib na imghdr zisingefungashwa hivyo.