Naomba ushauri: bibi kwenye riwaya yangu ni Mpemba, msimamizi anataka Kiswahili sanifu

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nipo mwaka wa mwisho chuoni hapa Unguja, kwetu Konde, Pemba. Mradi wangu ni riwaya fupi, na zimebaki wiki tano kukabidhi.

Hadithi inapita katika msimu mmoja wa karafuu. Kuna bibi aliyekodi shamba na mjukuu wake mchumaji. Mchana watu wako juu ya mikarafuu, wanaziwahi kabla hazijachanua, hakuna mwenye maneno mengi. Usiku ndipo pana utamu: wamezunguka jamvi, wanatenga karafuu na makonyo (vile vijiti vyake), mikono inafanya kazi na midomo nayo. Siri zote za familia zinatokea hapo.

Sasa msimamizi wangu (mtu mwema, sina ugomvi naye) kanirudishia sura tatu zimejaa wino mwekundu. Anataka mazungumzo yote yawe ya Kiswahili sanifu, msomaji wa bara asipotee. Nimejaribu. Bibi akawa anaongea kama mtangazaji wa redio! Na hicho sanifu chenyewe msingi wake ni Kiunguja cha mjini, basi Kipemba kimekosa nini?

Mliopitia haya, mliweka faharasa mwishoni, au mliiacha lahaja midomoni mwa wazee tu? Na nikishikilia langu, nimwambieje asinione mkaidi? Mama nishamuuliza, kasema nimalize kwanza, mengine baadaye.

Shukran.