Naomba ushauri: Je, inafaa kutegemea Instagram peke yake kufuatilia habari?

MkaziWaMakole ameandika:

Wanajukwaa, salaam. Wakubwa wangu, shikamooni.

Ninaishi Dodoma, na katika ukoo wetu ulioko Tanga na Lushoto mimi ndiye ninayetegemewa kupeleka habari. Wazee hawanunui tena magazeti na vijana wameachana na redio, hivyo likitokea jambo lolote kubwa nchini, ninaulizwa kwenye kundi letu la WhatsApp kama ni kweli. Habari zangu karibu zote ninazipata Instagram, ambako ninafuata vyombo vya habari, wizara kadhaa, Mamlaka ya Hali ya Hewa na kurasa chache za watu binafsi wanaoandika habari.

Ugumu wa jambo hili niliuona vizuri jengo la ghorofa lilipoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024. Tuna ndugu wanaofanya biashara eneo lile, na kwa siku kadhaa uokoaji ulipokuwa ukiendelea, kila nilipofungua simu nilikuta idadi nyingine ya waliofariki na waliookolewa, tena mara nyingine idadi ndogo ilinijia baada ya kuwa nimekwisha kuona kubwa. Shangazi aliniuliza aamini ipi, nami sikuwa na la kumwambia hadi ndugu zetu walipopokea simu.

Naomba mnishauri: niendelee na Instagram au niiache? Na kama nitaendelea, niipange vipi, na nitazame nini kabla ya kuwapelekea wazee habari?

MezaYaHabari amejibu:

Ndugu yangu, pole kwa siku zile. Nimefanya kazi ya kusimamia kurasa za mitandao katika chumba cha habari, kwa hiyo naomba nieleze kilichokuwa kikitokea, kwa sababu ukikielewa utajua la kufanya.

Instagram ilipoanza mwaka 2010 ilikuwa mahali pa kuwekea picha, na picha hizo zilipangwa kwa muda, ya sasa juu na ya zamani chini. Mwaka 2016 mpangilio huo uliondolewa, na tangu wakati huo ukurasa wa mwanzo hupangwa na algoridhimu inayokisia kile utakachokipenda au kukijadili. Kwa picha za harusi hakuna madhara. Kwa habari ya maafa, ambayo takwimu zake hubadilika kila saa, madhara ni makubwa, kwa kuwa chapisho la Jumamosi lililopata maoni mengi linaweza kukufikia Jumatatu, juu ya taarifa iliyotolewa asubuhi hiyohiyo. Idadi zote mbili huenda zilikuwa sahihi, kila moja kwa saa yake, lakini wewe uliletewa bila mfuatano.

Kuna jambo la pili ambalo wasomaji wengi hawalitambui. Taarifa nyingi huwekwa kama kadi: picha moja yenye kichwa cha habari na nembo ya chombo. Mhariri akipata takwimu mpya anaweza kurekebisha maelezo yaliyo chini ya picha, lakini picha yenyewe haiwezi kubadilishwa ikishachapishwa, labda aifute na kuweka nyingine. Matokeo yake ni kwamba kadi inaendelea kuonyesha idadi ya zamani huku maelezo ya chini yakisema mengine. Msomaji anayetazama picha na kupita huondoka na idadi iliyokwisha kusahihishwa, na akipiga skrinshoti na kuituma, aliyetumiwa hana hata tarehe ya kuangalia. Kwa hiyo soma maelezo hadi mwisho, tazama kama yana alama ya kuhaririwa, kisha tazama tarehe.

Kuhusu kupanga, tangu Machi 2022 Instagram imerudisha uwezo wa kuona machapisho ya akaunti unazozifuata kwa mfuatano wa muda, pamoja na orodha ya akaunti pendwa isiyozidi 50. Weka humo vyombo vya habari na taasisi zako tu, na siku ya tukio kubwa anzia hapo. Jambo la kukera ni kwamba ukifunga programu na kuifungua tena unarudishwa kwenye mpangilio wa algoridhimu, kwa hiyo itabidi uzoee kuchagua kila mara.

Mzee_wa_Pongwe amejibu:

Mwanangu, marahaba. Mimi naona umeanza na chombo kisichofaa kwa kazi hiyo. Taarifa ya habari ya redio ina saa yake, ina mtangazaji anayejulikana, na mhariri huamua lipi litangulie kwa uzito wake. Wazee wa Tanga uwakumbushe redio zao. Betri mbili zinagharimu kidogo kuliko bando. Instagram ibaki kwa picha za wajukuu.

MezaYaHabari amejibu:

Mzee wangu, shikamoo. Nakubaliana nawe kuhusu mpangilio wa redio, ila taasisi nyingi sasa huweka taarifa zao mtandaoni kabla redio haijafikia saa yake, na tahadhari ya mvua kubwa au upepo mkali baharini haipaswi kusubiri. Ningeshauri atumie vyote viwili.

Binti_Sahare amejibu:

Naongeza kuhusu akaunti zenyewe, maana dada ametaja kurasa za watu binafsi. Tiki ya bluu isikutulize. Tangu mwaka 2023 mtu anaweza kuilipia kila mwezi, kwa hiyo inaonyesha kwamba mwenye akaunti amethibitisha utambulisho wake, wala haithibitishi kwamba anahakiki anachoandika. Ingia kwenye ukurasa husika, bonyeza nukta tatu, ufungue sehemu inayoeleza kuhusu akaunti hiyo. Kwa akaunti nyingi utaona ilifunguliwa lini, iko nchi gani na imebadilisha jina mara ngapi. Ukurasa unaojiita wa habari za Tanzania lakini umebadilisha jina mara nyingi, mimi huacha kuufuata siku hiyohiyo.

Picha ukiitilia shaka, ipeleke Google Lens au TinEye uone kama iliwahi kutumika miaka ya nyuma au nchi nyingine. Picha za mafuriko ndizo zinazorudiwa zaidi, kila msimu wa masika. JamiiCheck na PesaCheck nao huchapisha uhakiki kwa Kiswahili, ingawa uhakiki huchukua muda, na uvumi haungoji.

WakiliMtarajiwa amejibu:

Mkumbuke pia sheria. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 16, inamhusu anayechapisha taarifa za uongo akijua ni za uongo na kwa nia ya kupotosha. Anayewatumia ndugu zake kwa nia njema hayuko katika nafasi hiyo, lakini kumbukumbu ya chanzo na saa uliyoiona taarifa ni kinga nzuri kwa mtu anayetegemewa na ukoo mzima. Usitume skrinshoti; tuma kiungo cha chapisho lenyewe, ili likifutwa au likirekebishwa kila mtu aone.

MkaziWaMakole ameandika:

Nawashukuru sana nyote, na wewe mzee wangu wa Pongwe nimekusikia. Nitamwomba kaka anunue betri.

Naomba kuuliza moja zaidi. Taasisi nyingine huweka taarifa kwenye stori tu, na baada ya saa 24 hazionekani tena. Na wazee wengi kwetu hawana akaunti ya Instagram, hivyo kiungo wakikibonyeza mara nyingi wanatakiwa kwanza wajisajili. Hapo nifanyeje?

MezaYaHabari amejibu:

Swali lako ni la msingi, na nakiri kwamba ushauri wa kutuma kiungo unakwama hapo. Kwa taarifa ya stori, tafuta kama taasisi hiyo imeiweka pia kwenye tovuti yake, maana tovuti husomwa bila akaunti. Ikiwa haipo popote pengine, iandike kwa maneno yako, kwa kutaja mambo matatu: nani amesema, amesema lini, na nini bado hakijathibitishwa. Kwa mfano: "Jeshi la Zimamoto limesema leo saa 4 asubuhi kwamba uokoaji unaendelea. Idadi ya majeruhi bado haijatolewa. Nitaandika tena saa 10 jioni." Kisha saa 10 ikifika andika kweli, hata kama hakuna jipya, kwa sababu wakijua saa ya kukusikia hawatakwenda kutafuta majibu kwenye kurasa zisizojulikana.

Binti_Sahare amejibu:

Na ujumbe wa asubuhi usiufute ukituma wa jioni. Ujibu uleule wa kwanza, ili atakayefungua simu usiku aone ipi ilitangulia.